Chupa ya Watu Watano

Donatus alikuwa na miaka hamsini na minane, makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu, ugonjwa wa sukari, na mdomo ambao marehemu mama yake alisema ungetosha kijiji kizima na ukabaki. Jumamosi hiyo asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akajipaka mafuta mpaka viwikoni, akaenda kumposa Epifania.

Hakutuma mshenga. Alitaka kumtuma, lakini Epifania, fundi cherehani anayeshona ovaroli za wachimbaji, alikuwa amemwambia mapema: "Mimi ni mjane, mwanangu amekua, mshenga wa nini? Kama una neno, lilete mwenyewe." Basi akalileta. Alivuka machimbo yote ya Namba Mbili, si mbali na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, akipita mashimo na vifusi huku akikariri hotuba yake. Hotuba ilikuwa na sehemu tatu, na ya pili ilikuwa na methali.

Hakufika hata kwenye methali.

"Nimekubali," alisema Epifania, uzi ukiwa bado mdomoni. "Kaa chini, unatoa jasho."

Donatus akakaa. Furaha ilimpanda ghafla mpaka akasahau mikono yake iko wapi. Alitaka kucheka, akataka kupiga yowe, akaishia kushukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana," mara nne mfululizo, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

"Lakini nina sharti," Epifania akaendelea, akakata uzi kwa meno. "Charles wangu alikuwa na sukari kama wewe. Mwezi wa pili mwaka huu tumemzika, kwenye cheti wakaandika changamoto ya upumuaji. Wewe unajua na mimi najua ilikuwa changamoto gani. Siziki mume wa pili kwa ugonjwa ule ule. Nesi yuko zahanati leo mpaka saa kumi. Niletee cheti cha chanjo, ndipo tuongee habari za padri."

Ndugu msomaji, hapo ndipo shati la Donatus lilipoanza kumbana shingoni. Maana kama kuna mtu mmoja katika machimbo ya Namba Mbili aliyesababisha watu waikimbie ile chanjo ya korona, mtu huyo alikuwa amekaa pale kwenye kigoda cha Epifania, akitabasamu kama bwana harusi.

Ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, nesi Sesilia aliweka meza yake jirani na karasha, na foleni ikajipanga. Sesilia ni Mzaramo wa Maneromango, na Donatus ni Msukuma wa Kishapu. Msukuma na Mzaramo ni watani, na mtani ukimkuta mbele ya watu ukampita kimya umemdharau. Donatus akazima mashine ili asikike vizuri. "Jamani!" akapaza sauti. "Huyu mtani wangu anajua nini habari za dhahabu? Kwao ni ngoma na nazi tu! Mzaramo akikuchoma sindano, dhahabu yote shimoni kwako inageuza njia, inakimbilia pwani kula nazi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Sesilia naye hakubaki nyuma. Alimjibu kwamba Msukuma anaogopa sindano kuliko ng'ombe wake anavyoogopa josho. Kwa watani, kesi ilikuwa imeishia hapo.

Lakini Namba Mbili si kijiji cha watani watupu. Kuna Wakurya, Wasumbwa, Wafipa, Wapare, kila mtu amekuja na shimo lake na bahati yake, na mchimbaji ni mtu wa masharti. Usipige mluzi shimoni. Usiingie na ugomvi. Usichanganye dawa. Watu walicheka, kisha wakaondoka mmoja mmoja, wakiwaza. Siku ya tatu jamaa mmoja aliyekuwa amechanjwa Kakola akasaga viroba kumi na viwili asipate hata chembe. Basi. Neno likapanda bodaboda, likazunguka machimbo yote, na liliporudi Namba Mbili lilikuwa limeshapata mwenyewe: eti mganga mkubwa wa Songwa amesema sindano inahamisha dhahabu. Donatus aliposimuliwa habari hiyo na mteja, alitikisa kichwa kwa hofu na kusema, "Kumbe!" Usiku wa siku iliyofuata ndipo alipokumbuka kwamba yale ni maneno yake mwenyewe. Hata hivyo hakwenda kuchanjwa, maana huwezi kujua.

Sasa alikwenda. Alifika zahanati saa nne kasoro robo akihema, akakunja mkono wa shati.

"Shikamoo mtani," alisema Sesilia, ingawa hapo haikuwa heshima, ilikuwa kejeli. "Umepotea njia?"

"Nichome."

"Sikuchomi."

Akamwonyesha boksi la baridi. Ndani kulikuwa na chupa moja, ndogo kuliko kidole gumba. "Nilikuwa nazo kumi na mbili. Watu wa hapa walipozikataa, wilaya ikazichukua ikazipeleka kwa wanaozitaka. Hii ndiyo ya mwisho. Chupa moja ni watu watano. Nikishaifungua, haimalizi siku. Nikikuchoma wewe peke yako, nimemwaga za watu wanne, na mimi, mtani, simwagi. Nchi nzima tumeletewa milioni moja na ushee, za msaada, baada ya wenzetu kushiba. Lete wanne. Saa kumi gari la wilaya linapita kulichukua boksi."

Donatus hakubishana. Wanne ni nini kwa mtu mwenye mdomo kama wake? Alitoka akiwa na hakika kuwa kufikia saa sita atakuwa bwana harusi mwenye cheti.

Wa kwanza alimpata bila jasho. Leodgar, katekista kutoka Ushirombo, alikuwa anafagia kigango.

"Mimi niko tayari tangu siku ile," Leodgar akasema, akaegemeza ufagio ukutani. "Ulipomaliza kuchekesha tulibaki wawili kwenye foleni. Nesi akatuambia chupa haifunguliwi kwa watu wawili."

"Nani mwingine?" Donatus angeuliza, kama angekuwa na akili ya kuuliza. Lakini alikuwa ameshafika njiani, anakimbilia wa pili.

Wa pili alikuwa Mihayo, kijana wa Kisukuma mwenye kifua cha kabati, ambaye wachimbaji wenzake walimfuata kwa kila jambo. Mihayo alikuwa shimoni. Donatus akainama kwenye mdomo wa shimo, akamwita kwa jina, kwa jina la baba yake, mpaka kwa jina la ng'ombe wa babu yake.

"Siwezi, mzee," sauti ikapanda kutoka chini. "Masharti. Mganga wa Songwa."

"Hakuna mganga! Maneno yale ni yangu! Nilikuwa namtania Mzaramo!"

Kisha kamba ikatikisika, na kichwa cha Mihayo kikatokeza, cheupe kwa vumbi. "Kumbe mganga ni wewe?"

"Hakuna mganga, Mihayo, nakwambia..."

"Wewe ndiye uliyeifunga dhahabu?"

"Nilisema tu!"

"Si ndivyo wanavyofunga? Kwa kusema." Mihayo alikuwa anaongea kwa heshima kubwa, heshima ambayo hajawahi kumpa Donatus tangu wajuane. "Basi fungua, mzee. Umefunga kwa mdomo mbele ya watu, fungua kwa mdomo mbele ya watu. Na yule uliyemtania awepo, aridhike. Hapo nitakuja."

Donatus alijaribu kueleza mara tatu kwamba mtu hawezi kufungua kisichofungwa. Kila alivyoeleza, ndivyo wachimbaji walivyozidi kujaa na kumwita "mzee" kwa sauti ya chini. Mmoja akamuuliza pembeni kama anatibu na nguvu za kiume. Akaona heri arudi kwa mtani wake.

Sesilia aliposikia, alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akasema kwamba kufungua si kazi, ila mtani akivuka mpaka analipa faini, na faini anaipanga aliyekosewa. "Utabeba boksi langu kichwani uzunguke machimbo yote. Mimi nakuja nyuma na kipaza sauti. Na kila tunapopita, wewe unaitikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba saa saba mchana, jua likiwaka, mwenye makarasha mawili alionekana akipita kati ya vifusi na boksi la baridi kichwani, limejaa barafu, maji yakimtiririka kwenye shati la posa. Nyuma yake Sesilia.

"Huyu nani?" kipaza sauti kilikoroma.

"Msukuma mwongo!" Donatus akaitikia.

"Dhahabu inakula nazi?"

"Haina meno!"

"Mganga wa Songwa ni nani?"

"Ni mdomo wangu, jamani, ni mdomo wangu mwenyewe!"

Machimbo yalisimama. Watu walitoka mashimoni, akina mama waliacha mafuta yakiungua, makarasha yalizimwa moja baada ya jingine ili watu wasikose hata neno. Ghati, Mkurya mwenye banda la chai, alifuata akipiga sufuria kwa mwiko, na walipofika mbele ya banda lake Donatus akamuuliza kama kweli Mkurya naye anaogopa kasindano. Ghati alisimamisha mwiko. Akamtazama kuanzia boksi hadi viatu, akasema, "Niandike wa kwanza," akaendelea kupiga sufuria. Na Mihayo, sasa amefunguliwa mbele ya ushahidi wa watu mia mbili, hakuwa tena na pa kujificha. Alitembea akiwa amekwajuka. Ukweli ulijulikana baadaye: habari ya mganga ilikuwa mwamvuli tu, kijana alikuwa anaogopa sindano tangu utotoni.

Donatus, na shingo imekufa ganzi, alikuwa na furaha ambayo hajaionja tangu ujana wake. Alikuwa anachekwa na hajali. Mpaka walipofika kwenye shimo la Ezekiel.

Ezekiel alikuwa mzee wa miaka sitini na saba, mchimbaji wa siku nyingi kuliko wote, na hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa juu ya kiroba, akikohoa kikohozi chake cha kila siku.

"Mwadela, kaka," Donatus akamsalimu, akatua boksi. "Bado mmoja tu. Njoo."

"Hizo ni mabaki," Ezekiel akasema taratibu. "Wamejichoma wao huko ng'ambo, wakachoma na watoto wao, zilizobaki ndizo wametukumbuka."

"Hata kama. Kwenye mgao wa mawe, kiroba cha mwisho si kina dhahabu? Uliwahi kukiacha kwa sababu ni cha mwisho?"

Watu walishangilia. Jibu lilikuwa zuri, na Donatus mwenyewe alilipenda. Ezekiel akangoja kelele zipoe.

"Miaka thelathini nakula vumbi la mawe, Donatus. Unanisikia ninavyokohoa. Dhahabu hiyo imekwenda kwa hao hao. Hakuna aliyeleta sindano ya vumbi. Ugonjwa ulipowafika wao, ndipo nao wakajua kwamba mimi nina mapafu. Nijibu hilo."

Donatus akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukuwa na kitu ndani. Alitafuta methali, alitafuta mzaha, hakupata, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Akajitwisha boksi lake kimya kimya, na msafara ukarudi zahanati bila sufuria kupigwa.

Saa tisa na robo walikuwa wanne kwenye benchi: Ghati, Leodgar, Mihayo na Donatus. Watu wengine walijaa uani kutazama, lakini kutazama si kuchanjwa. Saa tisa na nusu, bado wanne. Sesilia alitazama barabarani. Donatus akahisi posa yake inamponyoka pole pole, na machozi yakamlenga.

Umati ukapisha. Epifania akaingia, barakoa usoni, kanga begani, akaja akakaa mwisho wa benchi.

"Wa tano," akasema.

Donatus aliruka. "Epifania! Mimi nilidhani wewe ulishachanjwa!"

"Nani wa kunichanja? Siku ile nilikuwa kwenye foleni. Tulibaki mimi na katekista."

Makarasha yote yalikuwa yamezimwa, na uani kila mtu alisikia.

"Nikwambie kitu, Donatus, maana nakwenda kuwa mkeo," Epifania akasema, bila ukali. "Wiki ile Charles anahangaika kuvuta pumzi, binti yetu Ritha, kule Ujerumani anakotunza wazee, alikuwa ameshachomwa mara mbili. Alinipigia simu analia. 'Mama, mimi mara mbili, baba hata moja.' Sindano ilikuwepo duniani. Hapa ndipo haikuwepo. Nikasema sawa, sisi ni wa mwisho, tumezoea. Ikaja. Nikapanga foleni, nikawa wa saba. Ukazima mashine ukasema ya nazi. Na mimi nilicheka, sitakuficha, ulichekesha sana. Nilipomaliza kucheka nikatazama mbele na nyuma, hakuna mtu ila katekista."

Donatus alitaka ardhi ipasuke. Siku zote alidhani amekataa sindano moja, ya kwake, ya mkono wake, mali yake kuikataa. Kumbe alikuwa amekataa na ya huyu mwanamke, na ya katekista, na chupa kumi na moja zilizokwenda zake. Walionyimwa na walio mbali, akaja yeye akawanyima mara ya pili, tena kwa kuchekesha. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona, na hakujua aiweke wapi.

"Nisamehe," akasema. Halikuwa neno la sehemu tatu.

"Nilishakusamehe, ndiyo maana nimekukubali. Sesilia, fungua chupa."

Sesilia alikuwa ameshika chupa mkononi wakati kikohozi kiliposikika mlangoni. Ezekiel alikuwa amesimama pale. Yeye na Charles walichimba shimo moja miaka kumi na minne.

"Hujanijibu," akamwambia Donatus. "Na hakuna atakayenijibu. Lakini Charles sikumwona akizikwa vizuri, tuliruhusiwa watu kumi tu kwa hofu ya ugonjwa. Mimi nataka nikifa watu waje. Nafasi ipo?"

Haikuwepo. Walikuwa watano kamili. Watu wakatazamana.

"Mimi nabaki!" Mihayo akasimama upesi, uso umechangamka. "Mpeni mzee, mimi kijana, kwa heshima kabisa..."

"Kaa!" walisema Sesilia, Ghati na Leodgar kwa pamoja, na watu uani wakaangua kicheko.

Donatus naye alicheka. Alipomaliza kucheka alikuwa ameshajua. Mihayo akitoka leo harudi tena, na nusu ya machimbo watatoka naye. Ghati alikuja kwa sababu ya kuchokozwa naye. Leodgar na Epifania walikuwa wanadai tangu wiki tatu nyuma. Alibaki mtu mmoja ambaye angerudi hata kwa kutambaa, na ndiye aliyezifukuza chupa nyingine zote. Alikuwa anaogopa. Sukari yake ilikuwa juu wiki nzima, na cheti ndicho kilikuwa ndoa yake. Akainuka, akafuta mahali alipokuwa amekaa kwa kiganja.

"Kaa hapa, kaka," akamwambia Ezekiel.

Ezekiel akakaa. Chupa ikafunguliwa. Ghati alichomwa huku anaagiza chai ipelekwe kwa mteja. Mihayo alifumba macho, akamshika Leodgar mkono, akauliza kama imeshaingia wakati Sesilia alikuwa ameshamfuata mwingine. Epifania alitazama ukutani, na Donatus aliona midomo yake ikitaja jina la Charles nyuma ya barakoa.

Saa kumi kasoro tano gari likaja, likachukua boksi tupu.

"Nyingine lini?" Donatus akauliza.

"Sijui, mtani," akasema Sesilia, na safari hii hakukuwa na mzaha hata kidogo. "Kweli sijui. Nikipata nitakupigia wewe kabla ya wilaya."

Ezekiel alikuwa bado amekaa benchi, anangoja zile dakika zake za kuangaliwa. "Chupa ikija inataka watu watano?"

"Watano."

"Wewe mmoja. Shimoni kwangu nina vijana watatu, nitawaleta mwenyewe. Tafuta mmoja tu, na usimchekeshe."

Watu walianza kutawanyika. Karasha la kwanza likawashwa kule bondeni, kisha la pili. Donatus akasogea alipo Epifania, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, shati limegandamana mwilini kwa maji ya barafu na vumbi. Alikuwa mwepesi, kichwa kinamzunguka, hajui kama ni furaha au ni njaa.

"Cheti sina," akasema.

"Nimeona."

"Na sharti?"

"Sharti liko palepale, Donatus." Epifania alivuta barakoa juu vizuri, lakini macho yalikuwa yanacheka, tena kwa sauti kubwa. "Na mimi niko palepale. Haya nenda ukabadili shati, nesi akipata chupa nyingine akakuita, uwe na la kuvaa."